Mjukuu Wangu Ana Ualbino: Ametoka Upande wa Nani?

SWALI: Daktari, mwanangu wa kiume ameoa, na mwezi uliopita mkewe alijifungua mtoto wa kike mwenye ualbino. Mwanangu ni mweusi, mkaza mwanangu ni mweusi kumshinda, na katika ukoo wetu, kwa kadiri wazee wanavyokumbuka, hatujapata kuona mtu wa namna hiyo. Nao kwao wanasema vivyo hivyo. Maneno yameanza mtaani. Kuna wanaosema alitembea na Mzungu, kuna wanaosema kwao wameapizwa, na wifi zake wanamtaka mwanangu amrudishe kwao. Mimi sijasema neno. Baba yao alikwisha kutangulia mbele ya haki, hivyo wote wananitazama mimi. Mtoto huyu ametoka upande wa nani? Wakizaa tena, atakuwa vile vile? Na binti yangu mdogo ameposwa. Je, naye yumo katika hatari hiyo? – Mama Mkwe, Tanga.

JIBU: Bibi, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kusema, kwa maana neno la mama mkwe katika nyumba ya vijana huweza kujenga na huweza kubomoa, nami kwa sababu hiyo sitakuzungusha: mtoto huyu ametoka pande zote mbili kwa kipimo kilicho sawa, wala hakuweza kutoka upande mmoja peke yake. Mkaza mwanao ametoa nusu ya sababu na mwanao ametoa nusu ya pili. Na kwa kuwa mwanao naye hakujiumba, nusu hiyo aliipokea ama kwako wewe, ama kwa marehemu baba yake. Wifi wanaotaka mwanamke arudishwe kwao hawajui kwamba jambo wanalomtuhumu nalo limo katika damu ya nyumba yao wenyewe, na yamkini limo katika miili yao.

Mwili wa binadamu umejengwa kwa chembe hai nyingi zisizo na hesabu, ndogo mno hata hazionekani kwa macho matupu, na ndani ya kiini cha karibu kila chembe zimo nyuzi 46 ziitwazo kromosomu, zilizopangika katika jozi 23, ambapo katika kila jozi uzi mmoja umetoka kwa mama na wa pili umetoka kwa baba. Katika nyuzi hizo ndimo zilimo jeni, na zile zinazobeba maagizo ya kutengeneza protini ni takriban 20,000. Protini ndizo zitendazo kazi za mwili: nyingine husaga chakula, nyingine hubeba hewa katika damu, nyingine huunda rangi ya ngozi, nywele na macho. Kwa hiyo kila mtu ana jeni ya karibu kila kazi mara mbili, moja ya mama na moja ya baba, na katika kazi nyingi moja iliyo nzima hutosha. Chumba chenye taa mbili, ikiwa moja imezimika na ya pili yawaka, anayepita nje huona mwanga dirishani, asiweze kujua kwamba humo ndani pana taa isiyo na mafuta. Ndivyo alivyo mwanao, na ndivyo alivyo mkewe. Kila mmoja wao ana jeni moja nzima na moja yenye kasoro, weusi wao ni kamili, afya yao ni kamili, na hakuna dalili ya nje, ndogo wala kubwa, inayoweza kuidhihirisha ile iliyofichika. Binti yao amepokea ile yenye kasoro kwa baba, na ile yenye kasoro kwa mama.

Rangi yetu hutokana na kitu kiitwacho melanini, ambacho hutengenezwa na chembe maalumu zilizo katika sehemu ya chini ya tabaka la juu la ngozi, zikakitia katika vifuko vidogo na kuvigawa kwa chembe za jirani ili viwe kinga dhidi ya miali ya jua. Watu wengi hudhani kwamba mwenye ualbino hana chembe hizo. Anazo, Bibi, na idadi yake ni kama ya zako na zangu. Kilichokosekana ni protini moja tu. Katika nchi zetu za Afrika aina ya ualbino iliyo nyingi zaidi ni ile ya jeni iitwayo OCA2, iliyo katika kromosomu ya 15, ambayo protini yake husawazisha kiasi cha asidi ndani ya vile vifuko. Protini hiyo ikikosekana asidi huzidi, na kimeng'enya kiitwacho tairosinasi, ambacho ndicho kianzacho kazi ya kuunda melanini, hudhoofika katika kazi yake. Hakidhoofiki kabisa kwa kila mtu, na ndiyo sababu nywele za watoto hawa aghalabu huwa na rangi ya manjano kama ya majani makavu, wala si nyeupe pepe, na wengine hutokewa na madoa ya hudhurungi usoni na mikononi kadiri wanavyokua.

Jambo lililonistaajabisha zaidi nilipolisoma ni kwamba kasoro yenyewe, kwa wengi wa wenye ualbino wa Afrika, ni ile ile moja. Katika jeni hiyo kipande chenye urefu wa herufi za kikemia takriban 2,700 kimekatika na kupotea, na upungufu huo huo, uliokatika mahali pale pale, umekutwa kwa watu wa Tanzania, wa Zimbabwe na wa Afrika Kusini, hata wataalamu wakaona kwamba asili yake ni mhenga mmoja wa zamani sana, aliyeishi kabla jamaa za Kibantu hazijatawanyika katika bara hili. Wazao wake wametapakaa kila mahali. Anayesema kwamba mjukuu wako ni mgeni wa damu isiyo ya kwetu amekosea kwa umbali ulioje, ilhali yamkini mtoto huyo amechukua mwilini mwake urithi wa kale kuliko ukoo wowote tunaoweza kuutaja kwa jina!

Na tuhuma ya Mzungu haisimami hata kidogo. Weusi na weupe wa kawaida hauongozwi na jeni moja, bali na jeni nyingi, kila moja ikichangia sehemu yake, kama ilivyo pia kwa kimo cha mtu. Na ndiyo maana mtoto wa mama Mwafrika na baba Mzungu hutoka na rangi ya kati, nywele nyeusi na macho meusi au ya hudhurungi. Hatoki na ualbino. Ili apate ualbino ni sharti baba huyo naye awe amechukua kasoro katika jeni ile ile, na watu wa namna hiyo ni wachache zaidi Ulaya kuliko hapa petu. Aidha laana, kicheko cha mjamzito, au kutotema mate alipokutana na mwenye ualbino njiani, hayo yote hayafiki penye jeni. Jambo lilikwisha kuamuliwa siku mimba ilipotunga.

Umeniambia kwamba katika koo zote mbili hajapata kuonekana mtu wa namna hiyo, nami nasadiki, wala si ajabu. Hesabu inayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, na ukiifanyia kazi hesabu hiyo kwa kanuni za elimu ya urithi utapata kwamba takriban mtu mmoja katika kila 19 huichukua jeni yenye kasoro pasipo kujua. Katika msikiti wenye waumini 200 siku ya Ijumaa, kumi hivi wanayo. Lakini mchukuzi mmoja, akioa mtu asiye mchukuzi, hatazaa mtoto mwenye ualbino hata wazae kumi na wawili. Kila mtoto atakuwa na nusu ya uwezekano wa kuirithi kwa siri, na kila mjukuu robo, na hivyo jeni yaweza kushuka kizazi hata kizazi, kimya, mpaka siku wachukuzi wawili watakapokutana katika ndoa moja. Wazee wako wamekumbuka sawasawa. Ni kwamba macho hayakuwa na cha kuona.

Jambo hili la sifa kupotea na kisha kurejea lilithibitishwa kwanza katika mimea. Mtawa mmoja wa mji wa Brno, Gregor Mendel, aliyechapisha kazi yake mwaka 1866, alichanganya njegere zenye mbegu laini na zile zenye mbegu za makunyanzi, akaona kizazi cha kwanza chote ni laini, kana kwamba makunyanzi yamefutika duniani. Ila alipoiacha mimea hiyo ijichavushe yenyewe, katika mbegu za kizazi cha pili alihesabu laini 5,474 na zenye makunyanzi 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 tabibu wa Uingereza, Archibald Garrod, aliitambua kanuni hiyo katika miili ya wanadamu, na miongoni mwa maradhi machache aliyoyatolea mfano katika mihadhara yake ya mwaka 1908 ulikuwamo ualbino.

Kanuni hiyo ndiyo inayojibu swali lako la pili. Katika kila mimba ya mwanao na mkewe, uwezekano wa kupata mtoto mwenye ualbino ni mmoja katika minne. Uwezekano wa kupata mtoto mweusi anayeichukua jeni kwa siri ni nusu. Na robo iliyobaki ni ya mtoto asiyeichukua kabisa. Wa kike na wa kiume ni sawa. Tafadhali uwaonye wasidhani kwamba, kwa kuwa wa kwanza amekwisha kupata, basi watatu wanaofuata wamesalimika, kwa maana kila mimba huanza hesabu yake upya: wapo wazazi waliopata watatu mfululizo, na wapo wenye mmoja kati ya saba. Naye mjukuu wako, akikua na kuolewa na mtu asiye mchukuzi, watoto wake wote watakuwa weusi. Hata watu wawili wenye ualbino, kasoro zao zikiwa katika jeni mbali mbali, huzaa watoto wenye rangi kamili, na ndoa ya namna hiyo iliandikwa katika majarida ya tiba huko Uingereza mwaka 1952.

Sasa, Bibi, niruhusu niseme juu ya mtoto mwenyewe, ambaye katika maneno yote ya mtaa hakuna aliyemtaja ila kwa kumnyooshea kidole. Yeye si mgonjwa, na akili yake ni kama ya mtoto yeyote. Adui yake mkubwa ni jua. Nimewaona vijana wenye ualbino, wenye umri wa kuoa na kuolewa, wakifika hospitali na saratani ya ngozi iliyokwisha kula sikio au shavu, na inaniuma kila mara kwa sababu maradhi hayo yangezuilika kwa kofia. Tangu sasa avishwe nguo za mikono mirefu zenye kitambaa kilichoshikana, na akianza kutembea avae kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo, asikae juani kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni, wala asianikwe jua la asubuhi akiwa uchi kama tufanyavyo kwa watoto wengine. Mafuta ya kukinga miali ya jua, yenye kipimo cha 30 au zaidi, apakwe sehemu zinazobaki wazi, na yarudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi hutengenezwa mafuta kwa ajili ya wenye ualbino hasa, na kliniki ya ngozi ya hospitali yenu ya mkoa itawaelekeza namna ya kuyapata. Mafuta hayawi badala ya nguo. Kidonda chochote kisichopona kwa muda wa mwezi kionwe na daktari.

Macho yake nayo yatahitaji uangalizi, kwa sababu melanini ina kazi katika kuumbika kwa jicho na kwa mishipa iendayo kwenye ubongo. Utaona macho yakichezacheza, na mwanga mkali utamchoma. Miwani humsaidia, ingawa haimpi uoni kamili, kwa hiyo akiingia shule wazazi wake waende kwa mwalimu mapema kumwomba mtoto akae mbele, karibu na ubao, na apewe maandishi makubwa. Wengi waliodhaniwa wazito wa kuelewa walikuwa hawaoni tu. Mumbi Ngugi wa Kenya, ambaye ana ualbino, amekuwa jaji, na hapa kwetu Abdallah Possi aliteuliwa kuwa naibu waziri mwaka 2015. Wala sitakuficha kwamba katika nchi yetu wapo waliouawa kwa imani za ushirikina. Mtoto huyu anahitaji nyumba yenye baba na mama ndani yake, na jirani wanaomjua kwa jina. Kumrudisha mama yake kwao ni kumpunguzia ulinzi wakati anapouhitaji mno.

Umeuliza mwisho juu ya binti yako. Ikiwa mmoja kati yako na marehemu ndiye aliyekuwa mchukuzi, basi binti yako ana nusu ya uwezekano wa kuwa mchukuzi kama kaka yake. Mchumba wake, ikiwa si jamaa yenu wa damu, ana uwezekano wa mmoja katika 19, na wote wawili wakiwa nayo, robo ya watoto ndiyo ingepata. Zidisha hesabu hizo kwa pamoja, utapata takriban mtoto mmoja katika 152. Ikiwa mchumba ni binamu yake, hesabu hupanda, kwa sababu huenda wote wawili wameirithi kwa babu mmoja, na hapo ni vyema waonane na daktari kabla ya kuzaa. Vinginevyo sioni sababu ya kuivunja posa wala kuificha habari ya mjukuu. Waambie wakwe zako watarajiwa kama ulivyoniambia mimi, na karamu ikifika, mkaza mwanao aje na mtoto wake mikononi, kofia kichwani, akae kivulini pamoja nawe.