SOMO: MKONO UPENDAO KUCHORA, NA KAZI YAKE

Somo letu la mwezi huu limetoka Kigombe, kijiji cha wavuvi kati ya Tanga na Pangani. Huko tulionyeshwa ukuta uliochorwa kwa makaa. Mchoro ulikuwa wa silikanti, yule samaki wa kale ambaye tokea mwaka wa 2004 amenaswa mara nyingi katika majarife ya upande wetu. Magamba yake yote yalikuwapo, na mapezi yenye mashina kama mikono. Mchoraji ni binti aliyemaliza shule mwaka jana. Baba yake akatuuliza, "Baba Mchungaji, makaa haya yatamlisha nani? Nimkataze, au nimwache?" Siku ile hatukuwa na jibu. Basi twajibu hapa, maana wazazi wengi wana swali hilohilo.

1. Kupenda ni mwanzo. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa upande wa Tunduru mwaka wa 1932. Katika ujana wake alikuja Tanga kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, kama yale yaliyo jirani na Kigombe. Kisha akaenda Dar es Salaam, na karibu na mwaka wa 1968 akaanza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya ubao wa dari, kwa rangi ya baiskeli. Alitumia kilichopatikana. Alifariki mwaka wa 1972, lakini alikuwa amekwisha kuwafundisha vijana wa jamaa zake. Nao wakaendelea, hata mwaka wa 1990 wakawa na chama cha ushirika. Kazi yake imelisha nyumba nyingi kwa sababu ilifundishika.

2. Elimu huukomaza mkono. Sam Ntiro alizaliwa Machame mwaka wa 1923. Alisoma Makerere, ambako Bibi Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji barazani kwake mwaka wa 1937. Baadaye alisoma London, akarudi kufundisha, na mwaka wa 1961 akawa Balozi wetu huko Uingereza. Picha zake zilikuwa za migomba na kazi za watu wa kwao. Elimu haikumtoa kwao.

3. Usanifu ni kumtumikia mwingine. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Mchoraji wa ukutani hujipendeza mwenyewe. Msanifu hana budi kuuliza, Nani atakitumia kitu hiki, na kwa bei gani? Tazameni kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina. Aliyeisanifu alijua kwamba nguo itafungwa mwilini, na kwamba jina lazima lisomeke mgongoni mwa mvaaji. Alijua pia kwamba kila rangi huchapwa peke yake, hivyo rangi nyingi huzidisha gharama. Huko Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak imeuza kanga tokea mwaka wa 1887, nazo hujulikana kwa herufi K.H.E. Yule silikanti mwenye magamba mia angefaa kuwa mji wa kanga, lakini kwanza sharti apunguzwe, abaki na mistari michache na rangi mbili. Kupunguza huko ndiyo kazi yenyewe, na huuma.

Basi, baba wa Kigombe, jibu letu ni hili: usimkataze, wala usimwache. Mpe daftari, rula na penseli. Mpeleke kwa akina mama wasukao mikeka, aone jinsi wanavyohesabu kindu za rangi kabla ya kuanza. Atunze michoro yake bora, kwa maana mwenye duka atataka kuiona. Ukiweza, ulizia masomo ya Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka wa 1981. Lakini mapato ya mwanzo huwa machache. Kwa hiyo ashike na cherehani, apate chakula huku mkono ukikomaa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Tingatinga na Ntiro walipita njia mbili. Ni nini kilichokuwa sawa kwao?
2. Kwa nini mchoro mzuri wa ukutani huweza kuwa kanga mbaya?
3. Ni kijana gani mtaani kwenu aliyenyang'anywa makaa yake, na nani atampa penseli?