SOMO LA UFUNDI: Kuziba viungo vya vigae vya bafuni



Somo la leo ni kwa wote wanaojifunza uashi, na kwa kila mtu anayetaka kuwa na kazi ya mikono. Tutajifunza namna ya kuziba viungo vya vigae vya ukutani bafuni. Wenzetu waliotoka Uvira, Baraka au Bujumbura wanavijua vigae hivi kwa jina la karo.

Labda utauliza: mabafu yetu hapa ni ya turubai na miti, vigae viko wapi? Swali lako ni la haki. Lakini ufundi ni mzigo usiohitaji gari. Siku utakayorudi nyumbani, au utakapopata kibarua mjini, utakuwa nao kichwani na mikononi. Mwenye nyumba hatakuuliza ulijifunzia wapi. Atatazama ukuta wake baada ya miezi 6, na hapo ndipo jina lako litapanda au litaanguka.

Kwa nini viungo huzibwa?

Kati ya kigae na kigae fundi huacha mwanya mdogo, mara nyingi milimita 2 au 3. Mwanya huo hujazwa unga maalumu uliokorogwa na maji. Mafundi huuita grauti. Ukikauka, huzuia maji ya kuoga na uchafu kuingia nyuma ya vigae, na huzishika kingo zake zisivunjike.

Viungo vikiachwa na matundu, maji hupenya polepole. Lipu hulowa, ukungu mweusi huota, gundi hulegea, na siku moja kigae huanguka. Kinaweza kumwangukia mtoto anayeoga. Hata hivyo, usidhani grauti peke yake ni kinga kamili, kwa kuwa nayo hunyonya maji kidogo. Ukuta wenyewe ni lazima uwe na lipu imara tangu mwanzo.

Vifaa

Tafuta ndoo 2, mwiko mdogo, mwiko wa mpira, sifongo, kitambaa kikavu, kijiti chenye ncha butu, glovu za mpira na miwani ya kukinga macho. Ukikosa mwiko wa mpira, kipande cha mpira mgumu kilichokatwa sawasawa kitafaa.

Kwa viungo vyembamba, hadi milimita 3, tumia grauti isiyo na mchanga. Kwa viungo vipana zaidi tumia ile yenye mchanga laini. Wapo wanaotumia saruji nyeupe na maji tu kwa sababu ya bei. Ujue kwamba saruji tupu hunywea inapokauka, na kiungo kikiwa kipana itapasuka.

Unga kiasi gani?

Usinunue kwa kubahatisha, maana fedha ni ya mwenye nyumba. Pima kila kitu kwa milimita. Jumlisha urefu na upana wa kigae. Zidisha kwa upana wa kiungo, kisha kwa kina chake, kisha kwa 1.6. Gawanya kwa urefu wa kigae mara upana wake. Utapata kilo kwa kila mita moja ya mraba.

Mfano: kigae ni milimita 300 kwa 200, kiungo kina upana wa 3 na kina cha 7. Basi 500 × 3 × 7 × 1.6 ni 16,800. Gawanya kwa 60,000, utapata kilo 0.28. Ukuta wa mita 12 za mraba utahitaji kilo 3.36. Ongeza kidogo kwa ajili ya unga unaopotea, nunua kilo 4.

Hatua za kazi

1. Subiri gundi ya vigae ikauke, angalau saa 24. Ukianza mapema vigae vitasogea.

2. Ondoa misalaba ya plastiki iliyotenganisha vigae. Kwangua gundi iliyojaa kwenye viungo, ili angalau theluthi mbili ya unene wa kigae ibaki wazi. Futa vumbi. Kama kuna joto kali, lowesha viungo kidogo, lakini maji yasituame.

3. Tia maji safi kwenye ndoo kwanza, kisha mimina unga polepole huku ukikoroga. Fuata kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Uji uwe mzito kama dawa ya meno. Uache utulie dakika 5 hadi 10, kisha koroga tena. Korogea kiasi utakachomaliza kwa nusu saa. Ukianza kuwa mgumu usiongeze maji. Utupe, koroga mwingine.

4. Anza juu, ukishughulikia kama mita 1 ya mraba kwa wakati. Sukuma uji ndani ya viungo kwa mwiko wa mpira, ukienda mshazari, yaani kutoka pembe moja ya kigae hadi pembe ya pili. Ukifuata mstari wa kiungo, mwiko utauchota tena uji ulioutia. Bana kwa nguvu, kisha kwangua uliobaki juu ya vigae.

5. Subiri dakika 15 hadi 30. Gusa kiungo kwa kidole chenye glovu. Kisipobonyea kwa urahisi, kiko tayari. Lowesha sifongo, ikamue sana, futa mshazari kwa mkono mwepesi. Suuza kila mara. Maji mengi hudhoofisha kiungo na kukiachia mabaka ya rangi.

6. Lainisha viungo kwa kijiti. Utando mweupe ukitokea juu ya vigae, ufute kwa kitambaa kikavu.

7. Pale ukuta unapokutana na ukuta mwingine, au na sakafu, usitie grauti. Nyumba husogea kidogo, na grauti haikunjiki. Acha pawazi, pakauke, kisha tia silikoni inayovutika.

8. Bafu lisitumike kwa saa 24, na siku 3 ni bora zaidi. Wakati wa jua kali, pangusa viungo kwa kitambaa chenye unyevu asubuhi na jioni.

Linda mwili wako

Saruji mbichi huchoma ngozi. Ubaya wake ni kwamba haiumi mara moja. Mtu hufanya kazi siku nzima na glovu zilizotoboka, na jioni ndipo huona vidonda. Usikoroge kwa mkono mtupu. Ikikugusa, nawa mara moja kwa maji mengi. Ikiingia jichoni, mwaga maji safi jichoni kwa dakika 20 bila kusugua, kisha nenda zahanati upesi.

Maji ya kuoshea vifaa usiyamwage kwenye mfereji wala karibu na bomba la maji. Saruji itaganda humo. Yamwage kwenye shimo, mbali na watoto.

Mwambie mwenye nyumba pia asisafishe viungo kwa siki, ndimu wala asidi, kwa kuwa vitu hivyo hula saruji. Maji na sabuni vinatosha.

Zoezi

Kusanya vipande bapa vya matofali au vigae vilivyovunjika. Vipange juu ya ubao, ukiacha mianya ya milimita 3, uvishikize kwa tope. Tope likikauka, jaza mianya hiyo kwa udongo laini wa mfinyanzi, ukifuata hatua ya 4 na ya 5. Rudia mpaka mkono uzoee kwenda mshazari. Zoezi hili halina gharama.

Jipime

1. Kwa nini hatuongezi maji uji unapoanza kuganda?
2. Kwa nini kona haitiwi grauti?
3. Kigae ni milimita 200 kwa 200, kiungo ni upana 2 na kina 6. Mita 10 za mraba zinahitaji kilo ngapi?

Jibu la swali la 3 ni kilo 1.92. Kama umepata jibu jingine, rudia hesabu pamoja na mwenzako. Tunawatakia kazi njema.