Antena Bora kwa Redio ya Mkononi
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Redio ya mkononi isiposikika mbali, watu wengi hudhani dawa yake ni kununua redio nyingine yenye nguvu zaidi. Sivyo. Mara nyingi udhaifu umo katika antena, yaani kile kijiti kifupi cha mpira kilichofungwa juu yake. Nitaeleza jinsi ya kuchagua antena bora, nikitumia mfano wa redio za ridhaa za mawimbi ya mita mbili. Watu huzungumza kwa redio hizi ili kujifunza na kujifurahisha, si kwa biashara. Hapa Tanzania mwenye kuzungumza sharti awe na leseni ya TCRA.

Kwanza, tujue urefu wa wimbi. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Basi gawanya 300 kwa idadi ya megahezi, nawe utapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwa megahezi 145:

300 ÷ 145 = mita 2.07

Robo yake ni sentimita 52 hivi. Fimbo ya antena hukatwa pungufu kidogo, kiasi cha asilimia 5, ndipo ilingane na wimbi. Kwa hiyo tunapata sentimita 49.

Sasa pima kijiti kilichokuja na redio. Pengine hakifiki hata sentimita 20. Ndani yake umo waya uliosokotwa kama springi ili uenee mahali padogo. Kijiti hicho ni chepesi kuchukua, lakini hupoteza nguvu nyingi bure. Fimbo ya sentimita 49 huishinda. Hata hivyo, urefu peke yake si sifa. Antena hufaa kwa kulingana na wimbi, kama ufunguo na kufuli lake.

Pili, fimbo hiyo ni nusu tu ya antena. Nusu ya pili ni redio yenyewe pamoja na mkono wa aliyeishika, nayo ni nusu dhaifu. Chukua waya wa sentimita 49, ufunge ncha moja kwenye pete ya chuma iliyo nje ya tundu la antena, uuache uning'inie kama mkia. Usiguse pini ya katikati. Kwa senti chache, redio itasikika vizuri zaidi.

Tatu, mahali. Mawimbi haya hufuata karibu mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Antena iliyo mita 1.5 juu ya nchi tambarare ina upeo wa kilomita 5 hivi. Ipandishe hadi mita 9, na upeo utafika kilomita 12. Kuongeza wati hakuondoi kilima kilicho mbele yako. Ndiyo sababu redio yaweza kushindwa kufika kijiji cha pili, na hali inakisikia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kilicho kiasi cha kilomita 400 juu yetu. Wanaanga wazungumzapo na shule, sauti yao hushuka kwa megahezi 145.800. Kituo kikipita juu yetu, kati yetu nacho hapana mlima. Lakini kinapita kwa dakika 10 tu hivi; mwenye antena mbaya ataambulia mkwaruzo.

Kabla ya kununua, kumbuka haya:

1. Antena iwe ya megahezi unazotumia.
2. Tazama tundu la redio yako: lina pini au lina shimo? Antena iwe kinyume chake.
3. Wote wawili mnaozungumza mshike antena wima.
4. Usibonyeze kitufe cha kuzungumza redio ikiwa haina antena. Nguvu hurudi ndani na yaweza kuiunguza.
5. Usibebe redio kwa kushika antena, maana tundu litavunjika.

Ndugu wasomaji, mlimani na baharini ziko sehemu ambako simu haina mtandao. Huko, siku ya dhiki, mtu aweza kuwa na wati 5 tu mkononi. Antena ndiyo itakayoamua kama kilio chake kitafika.