Kaka anamaliza dumu la maji, zahanati wanasema ni akili

Mshauri,

Mimi ni binti wa miaka 29, naandika kutoka Tanga. Kaka yangu mkubwa ana skizofrenia, mwaka wa kumi sasa. Mwaka jana walimbadilishia dawa wakampa olanzapini, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa inamkakamaza shingo na taya. Tunamshukuru Mungu ametulia. Sauti zimemwacha, anamsaidia mjomba dukani, anacheka nasi. Lakini amenenepa mpaka suruali zote hazimtoshi, na tangu mwezi uliopita anamaliza dumu la maji la lita tano kwa siku, na usiku halali kwa kwenda kukojoa. Tulimpeleka zahanati. Mhudumu alipoona kadi ya kliniki ya akili alisema, "Hawa ndivyo walivyo, mrudisheni kwa daktari wake," akatupa vidonge vya maumivu. Mama anataka tumwachishe dawa. Mjomba anasema amerogwa upya. Je, dawa tuiache? Na je, yeye mwenyewe tumwambie?

Dada mwenye hofu

Binti yangu,

Kabla ya mengine yote, kaka yako apimwe sukari leo, na ikishindikana kabisa iwe kesho asubuhi. Msingoje tarehe ya kliniki. Kiu isiyoisha na kukojoa usiku kucha tuzihesabu kuwa ni kisukari mpaka kipimo kikatae. Kipimo chenyewe ni tone la damu kidoleni, jibu linatoka papo hapo. Akiwa ameanza kutapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au anasinzia kuliko kawaida yake, msipite tena zahanati. Nendeni moja kwa moja hospitali ya wilaya au ya mkoa, hata kama ni usiku wa manane. Hapo sukari imeshaharibu damu, na mtu anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili huku nyumbani wakisema dawa za akili zimemlevya.

Ni kweli wapo wagonjwa wa akili wanaokunywa maji mengi mno bila kuwa na kisukari, na hilo nalo ni la hatari, maana chumvi ya mwilini hushuka mpaka mtu akapata degedege. Lakini nani atajua ni lipi kati ya hayo mawili bila kupima? Yule mhudumu hakupima. Alisoma kadi akaacha kumwangalia mtu.

Hili linanikera sana, na si la zahanati moja. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba watu wenye magonjwa makali ya akili hufariki miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine. Wengi hudhani ni kujiua au ajali. Vipo vifo vya namna hiyo, lakini sehemu kubwa ni moyo, kiharusi, kisukari, magonjwa ya mapafu na maambukizi kama kifua kikuu, yaani magonjwa ambayo jirani yako akiyapata anatibiwa. Mgonjwa wa akili akisema kifua kinambana, anaambiwa ni mawazo. Akisema ana kitu tumboni, anaambiwa ameanza tena. Na sisi ndugu tumo humo humo. Tumezoea kumuuliza kama amemeza dawa na kama amelala. Kama mguu unamuuma hatumuulizi.

Sasa mama. Mwambie kwa upole kwamba macho yake yameona sawa, kwani olanzapini ni miongoni mwa dawa zinazonenepesha sana na zinazoweza kuleta kisukari. Huongeza njaa mpaka mtu anakula na hashibi, na huvuruga namna mwili unavyotumia sukari. Kwa hiyo kaka yako si mlafi, na asisimangwe mezani. Lakini kuiachisha ghafla nyumbani ni kumrudisha kule mlikotoka, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Mwenye kubadilisha ni daktari wa akili, tena baada ya kuona majibu ya vipimo. Anaweza kupunguza dozi, kuhamia dawa nyingine pole pole, au kuongeza metformini, ambayo hutumika kwa kisukari na husaidia pia kuzuia unene unaoletwa na dawa hizi. Mjomba naye aendelee na dua zake, dua haimzuii mtu kupimwa.

Mkirudi kwa mhudumu, msianze na kadi. Anza na mwili: "Ana kiu tangu mwezi uliopita, anakojoa usiku kucha, amenenepa sana tangu mwaka jana." Kisha taja olanzapini, wala usiifiche kwa kuogopa atadharauliwa tena, kwa sababu jina hilo ndilo litakalomwonyesha mganga aliyesoma kwamba sukari inawezekana kabisa. Halafu sema waziwazi: "Naomba apimwe sukari na presha leo, na majibu yaandikwe kwenye daftari lake." Ukikataliwa, omba kumwona mganga mfawidhi. Ikishindikana, nenda kituo kingine. Muulize kaka mwenyewe kwanza kama ataingia nawe chumbani au ataingia peke yake. Ni mtu mzima.

Majibu yasomeni wenyewe pia. Akipimwa asubuhi kabla ya kula chochote, 7.0 (mmol/L) au zaidi ni kisukari. Akipimwa saa yoyote, 11.1 au zaidi pamoja na dalili ulizonieleza ni kisukari vilevile. Presha inayofika 140 kwa 90 kila akipimwa inahitaji kutibiwa. Mwangalieni na nyayo, maana mwenye sukari anaweza kuwa na kidonda asikisikie.

Nitasema neno kwa wengine mnaosoma hapa, kwa kuwa najua mpo. Yeyote anayeanzishwa dawa hizi za akili anapaswa kupimwa uzito, kiuno, presha na sukari kabla ya kidonge cha kwanza, apimwe tena baada ya miezi mitatu hivi, kisha walau kila mwaka. Kama haikufanyika, ombeni ifanyike sasa. Futi ya fundi cherehani inatosha kupima kiuno nyumbani. Mwenye kutumia klozapini, dawa nyingine ya skizofrenia, akikosa choo siku kadhaa asichukulie ni jambo dogo, utumbo unaweza kuziba na kuua. Kikohozi kikizidi wiki mbili apimwe kifua kikuu, hasa aliyelazwa kwenye wodi iliyojaa watu.

Hukuniambia kama kaka anavuta sigara. Kama anavuta, asaidiwe kuacha, ila kliniki iambiwe kabla. Moshi wa sigara hulifanya ini liiondoe olanzapini haraka, kwa hiyo siku akiacha, dozi ileile inaweza kumzidi, akawa anasinzia kutwa.

Chakula kibadilike kwa nyumba nzima. Sahani yake peke yake ikipunguzwa, ataona anaadhibiwa kwa kuumwa. Soda ziondoke ndani, hata ile anayopewa ili atulie, kwani nyumba nyingi hufanya hivyo kwa mapenzi kabisa. Chai iwe na sukari kidogo au bila sukari, ugali au wali upungue kidogo, mboga za majani, maharage na samaki viongezeke. Mjomba amtume kwa miguu, tena aandamane naye siku nyingine. Wote mkapimwe siku hiyohiyo anapopimwa yeye, mama na mjomba wakiwemo. Sukari hufuata ukoo, na mtu mwenye wasiwasi wa kuchomwa sindano huona afadhali akitanguliwa na mama yake.

Umeuliza kama mumwambie. Mwambieni, na aambiwe sasa akiwa ametulia. Mweleze kwamba dawa iliyomwondolea sauti huenda inapandisha sukari yake, kwamba vyote viwili vinatibika, na kwamba hakuna atakayebadilisha chochote bila yeye kujua. Akisema dawa inamchosha au njaa inamtesa, mwandikieni kwenye daftari kwa maneno yake ili daktari ayasome. Mkimficha, ataambiwa kijiweni na mtu asiyemtakia mema, na siku hiyo atavitupa vidonge chooni bila kumweleza yeyote.