Dalali, mteja na cha juu

Vijana wanaoingia kwenye udalali wa nyumba Dar es Salaam wameuliza namna ya kuishi vizuri na wateja. Anayejibu ni dalali wa siku nyingi, anayepangisha na kuuza upande wa Sinza hadi Mbezi.

Mteja mpya amepiga simu, anataka chumba na sebule. Nianzie wapi?

Anzia kwenye hela, tena zote. Nyumba ya 300,000 kwa mwezi, mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita, ni 1,800,000. Ongeza kodi ya mwezi mmoja ambayo ni yako, inakuwa 2,100,000, na kirikuu cha kuhamisha vyombo bado hajakilipa. Kama unatoza hela ya kuonyesha nyumba, itaje kwenye simu hiyohiyo, asije akaisikia mkiwa getini. Mteja akishajua hesabu yote, naye atakuambia mfuko wake ulivyo, na hamtazunguka bure juani. Kisha muulize kazi yake iko wapi na watoto wanasoma wapi.

Mwenye nyumba anataka 250,000 kwa mwezi. Ameniambia nikipata zaidi, inayozidi ni yangu. Kuna ubaya gani?

Hicho ndicho cha juu, na ndicho kilichotuchafulia jina. Tuseme umemtajia mpangaji 300,000. Kwa miezi sita umechukua 300,000 kisirisiri, na bado amekulipa udalali. Miezi sita ikiisha, analipa kodi mwenyewe kwa mwenye nyumba, anaambiwa ni 250,000. Hapo hapo anajua ulichomfanya.

Mimi hili linaniuma. Wengi tunaowahudumia wamekopa kwenye kikoba au wameomba kazini walipwe mshahara kabla ya siku yake ili wapate hiyo kodi. Halafu mpangaji si mtu wa kukutana naye mara moja tu: atahama tena, mdogo wake atakuja mjini, mwenzake wa kazini atatafuta fremu. Wote hao atawaelekeza kwa dalali au atawaonya wamkwepe. Mwambie mwenye nyumba kwamba kama anataka kukuongezea, akulipe yeye kutoka kwenye kodi yake, na mpangaji ajue.

Nyumba ikiwa na kasoro, niseme au nimwache aione mwenyewe?

Sema kabla hamjaondoka kwenda kuiona. Nyumba ya bondeni, tuseme Kigogo au Jangwani, ukiionyesha Agosti ni kavu kabisa. Masika ya Machi hadi Mei ndiyo yanayoifichua. Mwonyeshe alama ya maji ukutani, na kama imepakwa rangi mpya, waulize majirani yeye akiwa hapo. Sema maji ya bomba yanatoka siku zipi, na kama baa iliyo nyuma inapiga muziki hadi alfajiri.

Usisahau LUKU. Ulizia kama mita ni ya peke yake au wanachangia, maana ugomvi mwingi wa wapangaji huanzia hapo. Angalia pia kama ina deni. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa mtu anaponunua umeme, na kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Wakubaliane kabla ya kusaini jinsi mpangaji atakavyorudishiwa. Bili ya maji aliyoiacha mpangaji wa zamani nayo imalizwe kabla ya kukabidhi funguo.

Nimemwonyesha nyumba, kisha amerudi kwa mwenye nyumba kimyakimya ili asinilipe.

Inatokea. Usiende kugombana mlangoni kwake. Siku nyingine, kabla ya kutoka, mtumie ujumbe wenye nyumba mnazokwenda kuona na malipo yako, naye akujibu amekubali. Mwenye nyumba naye ajue mteja huyo umemleta wewe.

Na kwenye kuuza nyumba?

Hapo pole pole, maana mteja anaweza kupoteza akiba ya maisha. Hati ipelekwe kwa Msajili wa Hati ifanyiwe upekuzi. Mahali pasipo na hati, nenda serikali ya mtaa, na majirani wa mipaka waulizwe. Muulizie mke au mume wa muuzaji, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Muuzaji akikuambia mwenza yuko safari na hela inatakiwa leo, mwambie mteja wako asitoe hata shilingi mpaka huyo mwenza arudi asaini.