Kifuu Usikitupe: Mkaa wa Kuchujia Maji ya Kisima

Kisima kikiwa bondeni na shamba la nyanya liko juu yake, mvua ikinyesha baada ya kupulizia huteremsha dawa mpaka majini. Tukishayachemsha maji hayo tunaona kazi imekwisha. Wapi! Moto huua vijidudu. Viuatilifu vingi hubaki sufuriani, na maji yakipungua kwa mvuke, dawa huzidi kukolea.

Kinachosaidia kiko jaani: vifuu vya nazi. Mkaa wake umejaa vitundu visivyoonekana kwa macho, na viuatilifu vingi hunasa humo. Viwanda vya machujio hutumia vifuu hivyo hivyo, ila wao huupitisha mkaa kwenye mvuke wa joto kali ili vitundu viongezeke. Wa nyumbani haufikii hapo, lakini si haba.

Vifuu vikwanguliwe nyama yote, vikauke juani. Vijaze kwenye kopo la chuma lililokuwa na mafuta ya kula (la dawa, kamwe), funika, toboa kifuniko matundu mawili matatu kwa msumari, kisha liweke katikati ya moto, nje ya nyumba. Moshi utafuka, halafu mwali utawaka matunduni. Mwali ukizimika na moshi ukikatika, epua. Usifungue kwa pupa: mkaa ukipata hewa ungali na moto utageuka majivu. Uache ulale mpaka asubuhi.

Uponde upate chenga kama za mahindi, pepeta vumbi, osha hadi maji yatoke meupe. Toboa ndoo chini, tandika kitambaa safi, kokoto, kisha mkaa wa kina cha shubiri au zaidi, na juu mchanga uliooshwa. Maji ya tope yatuame kwanza pembeni, maana tope huziba vitundu. Yadondoke tone kwa tone. Yakipita mbio, mkaa hauwahi kunasa kitu. Ukishachuja, ndipo uchemshe.

Usilitegemee chujio hili kwa kila kitu. Glaifoseti, ile dawa ya magugu, huukwepa mkaa kwa urahisi. Kisima kilichomwagikiwa dawa kiacheni kabisa. Mkaa nao hushiba: ubadilishe mapema bila kungoja harufu, kwani viuatilifu vingi havinuki. Uliotumika usiupikie, uzike mbali na kisima.

Na mwenye bati safi na tangi, aache mvua ya mwanzo ioshe bati, kisha akinge. Maji hayo ni bora kuliko ya kisima hicho, hata yakichujwa.