Kolesteroli iko sawa, lakini baba alikufa kwa moyo

Mdogo wangu uliyeniandikia baada ya kumzika baba, pole sana. Unasema shambulio la moyo lilimchukua ghafla kabla hajafika hamsini, nawe ukaenda maabara, ukaambiwa kolesteroli yako iko sawa. Unauliza kama uache kuwaza. Bado, mpenzi.

Itoe ile karatasi ya majibu. Usiishie kwenye jumla ya kolesteroli, kwa sababu humo imechanganywa ile inayoharibu mishipa na isiyoharibu. Shuka hadi palipoandikwa LDL. Hiyo ndiyo inayopenya kwenye kuta za mishipa ya moyo na kujijenga humo mwaka hadi mwaka, bila kuuma popote. Usishtuke ukiona maabara moja imeandika 2.6 na nyingine 100. Ni kiwango kilekile: ya kwanza imehesabiwa kwa milimoli kwa lita, ya pili kwa miligramu kwa desilita. Ila ikifika 4.9, yaani 190, daktari lazima afikirie kolesteroli ya kurithi.

Sasa, kwa familia kama yenu kuna kipimo cha kuomba kwa jina: Lp(a). Ni chembe inayofanana na LDL, ila imebeba protini ya ziada, na kiwango chake mtu anazaliwa nacho. Kåre Berg wa Norway aliigundua mwaka 1963, lakini mpaka leo haimo kwenye kipimo cha kawaida cha mafuta ya damu, usipoiomba, hupimwi. Karibu mtu mmoja kati ya watano anayo nyingi, na sisi wenye asili ya Afrika, kwa wastani, tunayo zaidi ya Wazungu. Wengi wakipima mara moja maishani inatosha. Ikipita miligramu 50 kwa desilita, hatari imepanda.

Mchicha na mazoezi haviishushi. Nakwambia mapema usije ukajilaumu. Faida ya kuijua ni kwamba wewe na daktari mtaibana LDL kwa ukali zaidi, kwa dawa ikibidi, na presha na sukari hamtazifumbia macho.

Kuna na CRP, ile ya kupima viwango vidogo, inayoonyesha mwili una uvimbe wa ndani kwa ndani. Usiipime ukiwa na malaria, mafua au jino bovu, maana hayo yote yanaipandisha. Ikizidi miligramu 10 kwa lita, pona kwanza ndipo urudie.

Na tafadhali, usilipie troponini ukiwa mzima ukidhani utapata uhakika. Inaonyesha msuli wa moyo unaoumia sasa hivi. Ikiwa safi leo haina maana mishipa iko wazi. Siku kifua kitakapokubana, jasho jembamba likutoke, maumivu yaende mkononi au kwenye taya, usianze kutafuta maabara. Kimbilia hospitali, upande wa dharura, saa hiyohiyo.

Kwa wiki hii, beba majibu yako yote kwa daktari na umtajie umri wa baba alipofariki hata kabla hajakuuliza. Mzazi wa kiume akiugua moyo kabla ya miaka 55, hesabu ya hatari yako inabadilika. Huyo kaka yako unayesema anavuta sigara, damu ni ile ile. Mwende wote wawili.